Presha ya Mimba na Makopo Yaliyo Juu ya Kabati Langu

Wiki mbili zilizopita binamu yangu anayeishi karibu na Mumias alinitumia picha ya kopo jeupe lenye kifuniko cha kijani, na chini yake akaandika swali moja tu: "Dada, naweza kumeza hii badala ya zile tembe nilizopewa kliniki?" Mimba yake imefika miezi sita. Presha yake imepimwa mara mbili na kupatikana 144/92, na jirani mmoja anayeuza virutubisho kutoka nyumba hadi nyumba amemhakikishia kwamba kopo hilo litaishusha polepole bila "kemikali". Nilianza kumjibu kwa ujumbe mfupi, nikaufuta, nikaandika mwingine, nao pia nikaufuta, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe na nikajijibu vibaya. Ndipo nilipoamua kuliandika jibu zima hapa, nikimwandikia yeye lakini nikijua kwamba hayuko peke yake.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2019, wakati huo tukiishi Migosi, hapa Kisumu. Hadi wiki ya 28 vipimo vyangu vilikuwa vya kawaida kabisa. Katika wiki ya 30 muuguzi alinifunga mkanda wa mashine mkononi, akatazama nambari, akaniambia niketi kimya kwa dakika kumi, akapima tena, na mara zote mbili ikawa juu ya 145/95. Mkojo ulipopimwa ukaonyesha protini. Niliandikiwa methyldopa, miligramu 250 mara tatu kwa siku, nikaambiwa nirudi kila wiki na nije mbio nikiumwa na kichwa. Tembe zile zilinilegeza na kunitia usingizi kazini, jambo ambalo ni la kawaida kwa dawa hiyo, lakini mimi nililichukulia kuwa ishara ya sumu mwilini. Mwenzangu wa ofisini alikuwa akiuza virutubisho, akaniletea makopo mawili: moja la vidonge vya kitunguu saumu vilivyochanganywa na mitishamba mingine, na la pili la magnesiamu. Kwa siku chache nilimeza vyote pamoja na dawa za hospitali, kisha nikaanza kuruka tembe ya mchana, halafu na ya asubuhi, nikijiambia kwamba makopo yameshika usukani. Nilipoenda kliniki sikumwambia muuguzi neno.

Katika wiki ya 33 nilipata maumivu ya kichwa ambayo niliyasingizia jua la Kisumu. Siku ya pili nikaanza kuona vimulimuli pembeni mwa macho, na ilikuwa bahati yangu kwamba wifi yangu alikuwa amekuja kututembelea, kwa maana ndiye aliyeniingiza kwenye tuktuk bila kunisikiliza. Presha ilikuwa 170/114. Nilidungwa sindano za magnesiamu salfeti, ambazo ziliuchoma mwili mzima kwa joto kana kwamba nimekalia jiko, nikapewa sindano nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto, na baada ya siku mbili nikajifungua kwa upasuaji. Mtoto alikuwa na kilo 1.8. Alikaa kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, kwa majuma mengi, na leo ni msichana wa shule ya msingi anayebishana nami kuhusu sukari kwenye uji.

Sitaki kusema kwamba makopo yale ndiyo yaliyonipandisha presha, kwa sababu sina ushahidi wa hilo. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita prieklampsia na ambao sisi kwa Kiswahili huujumuisha chini ya jina la kifafa cha mimba hata kabla ya degedege kutokea, huanzia kwenye kondo la nyuma, na unaweza kuendelea hata kwa mtu anayemeza dawa zake zote kwa saa. Methyldopa, labetalol na nifedipine hazing'oi mzizi wake; kazi yake ni kuizuia presha isifike kiwango cha kupasua mishipa ya ubongo, ili mtoto apate siku zaidi tumboni. Kosa langu ni kwamba nilikipa kirutubisho kazi isiyokuwa yake, na nikaificha kazi hiyo mbele ya watu pekee ambao wangeweza kunisahihisha. Kuna virutubisho vyenye nafasi halali katika jambo hili, lakini nafasi yao ni kujaza pengo la lishe mapema, kabla ugonjwa haujaja. Presha ikishapanda hadi 140/90 na kuendelea, hakuna kirutubisho ninachokijua ambacho kimethibitishwa kuishusha kwa mjamzito kwa kiwango cha kuchukua nafasi ya dawa.

Kile chenye ushahidi mzito zaidi ni kalsiamu, na historia yake inanivutia kwa sababu inaanzia jikoni. Mwaka 1980 watafiti walieleza kwamba Wamaya wa Guatemala, ambao kwa desturi huloweka mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyapika, walikuwa wakipata kalsiamu nyingi na kifafa cha mimba kilikuwa nadra kati yao. Taarifa za namna hiyo hiyo zilikuwa zimetoka Ethiopia, ambako chakula cha kila siku pia kina kalsiamu nyingi. Kutokana na hayo wakajiuliza kama ukosefu wa madini hayo ndio unaochangia presha ya mimba katika jamii nyingine. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kalsiamu inapopungua katika damu, homoni zinazoitafuta huongezeka, na matokeo yake ni kwamba kalsiamu huingia zaidi ndani ya misuli midogo inayoizunguka mishipa ya damu, misuli hiyo inakaza, na njia ya damu inabana.

Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilifikiria sahani yangu mwenyewe. Sisi tunakula mahindi pengine kuliko Wamaya, ila hatuyaloweki katika chokaa. Unga mweupe wa ugali hauna kalsiamu ya kutajika. Maziwa tunayaona zaidi ndani ya chai, tena vijiko vichache kwa kikombe mwisho wa mwezi unapokaribia. Lakini kwetu Busia mama yangu bado hupanda wimbi, na wimbi, kwa jinsi lilivyodharauliwa na vijana kama chakula cha wagonjwa na wazee, lina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho hakuna nafaka nyingine tunayoila inayokikaribia. Upande wa wakwe zangu, Bondo, kuna omena, ambaye huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo ghala la kalsiamu. Kuna pia mboga za kienyeji kama sagaa, mnavu, terere na mitoo. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kusikia habari za Guatemala, aliniambia katika mimba ya pili, "Nyathina (mwanangu), kula omena na kichwa chake," na sayansi haikuwa na la kumpinga.

Hata hivyo ni lazima niwe mkweli kuhusu hesabu. Kikombe kikubwa cha uji hutumia labda gramu 30 au 40 za unga, kwa hiyo kinakupa kama miligramu 100 tu, na si zote zinazofyonzwa, kwa maana wimbi lina viambata vinavyoishika kalsiamu tumboni na kuizuia isipite; kuuchachusha uji au kuotesha nafaka kabla ya kuisaga hupunguza tatizo hilo, na hapo bibi zetu walitutangulia. Glasi ya maziwa ya mililita 250 inakaribia miligramu 300. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, mjamzito apewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kila siku ili kupunguza hatari ya prieklampsia. Kiwango hicho hakifikiwi kwa uji peke yake, hata mtu aunywe kwa ndoo. Ndiyo maana kuna tembe.

Je, tembe hizo zinafanya kazi kiasi gani? Majaribio madogo ya mwanzo yalionyesha faida kubwa mno, ya kupunguza ugonjwa kwa nusu au zaidi, lakini majaribio makubwa yamekuwa na unyenyekevu zaidi. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapa wanawake zaidi ya 4,500 wenye afya na lishe ya kutosha ama gramu 2 za kalsiamu ama tembe tupu zisizo na dawa ndani, na haukuona tofauti katika prieklampsia. Anayekula kalsiamu ya kutosha haongezewi kitu kwa kuongezewa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 8,000 wa nchi zenye ulaji mdogo wa kalsiamu, haukupunguza sana idadi ya waliopata ugonjwa, ila waliopata kalsiamu walikuwa na matukio machache zaidi ya hali mbaya, ikiwemo degedege lenyewe. Halafu mwaka 2024 yalitoka matokeo ambayo kwetu sisi wa Afrika Mashariki yana uzito wa pekee, kwa sababu nusu ya kazi ilifanyika Dar es Salaam: wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza huko Tanzania, na wengine 11,000 nchini India, waligawanywa kati ya miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Huko Tanzania prieklampsia iliwapata asilimia 3.0 ya waliomeza kiasi kidogo na asilimia 2.7 ya waliomeza kiasi kikubwa, na huko India asilimia 3.0 dhidi ya 3.6, tofauti ambayo watafiti waliihesabu kuwa ndogo kiasi cha kuridhika kwamba kiwango cha chini hakizidiwi. Kwa upande wa kujifungua kabla ya wakati, matokeo ya Tanzania hayakuweza kutoa uhakikisho huo. Nakumbusha kwamba katika utafiti huu kila mmoja alipata kalsiamu. Hakukuwa na kundi la tembe tupu, kwa hiyo unatufundisha kuhusu kipimo na si kuhusu kama kalsiamu yenyewe inahitajika.

Jambo hilo la kipimo si dogo kwa mtu anayezimeza. Tembe za kalsiamu ni kubwa, zina ladha ya chaki, hufunga choo, na mwili haufyonzi vizuri zaidi ya kama miligramu 500 kwa mara moja, kwa hiyo gramu 1.5 ina maana ya kumeza mara tatu, wakati wa mlo. Juu yake kuna tembe za damu ambazo kliniki za serikali hutoa bure, zenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, nazo hazipaswi kukutana na kalsiamu tumboni kwa sababu zinagombania mlango mmoja; ziachane kwa saa kadhaa. Mimi nilipanga kalsiamu na chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, na tembe ya damu nikaiweka kando ya kitanda, niimeze kwa maji kabla ya kulala. Nimesema maji makusudi, kwa kuwa majani ya chai nayo huzuia madini ya chuma.

Kuna mtego wa maandishi ambao uliniponyoka kwa miezi. Mbele ya kopo huandikwa miligramu 1,250 kwa herufi kubwa, na mtu akadhani amepata karibu yote anayohitaji, kumbe hiyo ni kalsiamu kaboneti, yaani chumvi nzima, na kalsiamu yenyewe ndani yake ni asilimia 40, sawa na miligramu 500. Ikiwa ni kalsiamu sitreti, sehemu yake ni kama moja ya tano tu. Swali la kumwuliza mhudumu wa duka la dawa ni hili: "Ndani ya tembe moja kuna kalsiamu halisi kiasi gani?" Akishindwa kujibu, nenda duka jingine. Kwa upande wa pili, wapo wanaozidisha bila kujua, kwa maana tembe nyingi za kutafuna za kiungulia, ambacho kila mjamzito anakijua, nazo ni kalsiamu kaboneti. Jumla ya chakula, tembe na dawa za kiungulia isivuke gramu 3 kwa siku, na aliyewahi kuugua mawe ya figo azungumze na daktari kabla ya kumeza hata moja.

Sasa niseme kwa haraka kuhusu makopo mengine, kwa maana ushahidi wake hauchukui nafasi kubwa. Vitamini C na E zilitazamiwa sana, zikajaribiwa, na hazikuzuia prieklampsia. Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kwamba zisitolewe kwa lengo hilo, na limesema vivyo hivyo kuhusu vitamini D. Asidi ya foliki ni ya lazima mapema kwa ajili ya uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu kipimo kikubwa cha miligramu 4 kwa wanawake walio katika hatari, na presha yao haikujali. Mafuta ya samaki yana faida katika kupunguza watoto wanaozaliwa mapema mno. Kuhusu presha yenyewe sina la kuyasifia. Na zile tembe za vitamini zinazochemka ndani ya glasi ya maji, ambazo wengi huziona kama soda ya afya, hutengenezwa kwa magadi ya kuokea, kwa hiyo kila glasi ina sodiamu ambayo mtu wa presha hakuiomba.

Magnesiamu inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo iliyonidanganya zaidi. Nilikuwa nimesikia kwamba hospitalini hutumia magnesiamu kwa kifafa cha mimba, na hilo ni kweli: mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ambapo magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini hiyo ni sindano ya kipimo kikubwa, inayotolewa hospitalini, na kazi yake ni kuulinda ubongo usipatwe na degedege. Si dawa ya kushusha presha. Nilipokuwa nikidungwa, muuguzi alikuwa akirudi mara kwa mara kunigonga goti kwa nyundo ndogo, kuhesabu pumzi zangu na kupima mkojo kwenye mfuko, kwa sababu ikizidi mwilini inaweza kuzima misuli ya kupumua. Kidonge cha kopo hakifanani na tiba hiyo ila kwa jina, kama vile maji ya mfereji na Ziwa Victoria yanavyofanana.

Kuhusu mitishamba niko makini nisiwakejeli wazee wangu, maana mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Majani ya mlonge yakipikwa kama mboga ni chakula. Mizizi na magome yake si ya mjamzito. Kitunguu saumu kwenye mchuzi ni kiungo, lakini kikishakaushwa na kukolezwa ndani ya vidonge kinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, jambo ambalo daktari anahitaji kulijua ikiwa tayari unameza aspirini au unaelekea kwenye upasuaji. Urukususu, ule mzizi mtamu unaoitwa liquorice kwa Kiingereza, ambao hutiwa katika michanganyiko kadhaa ya tumbo na kikohozi, unajulikana kwa kupandisha presha na kushusha potasiamu, kwa hiyo mtu anaweza kununua dawa ya asili ya kutuliza mwili na akapata kinyume chake. Na kwa kuwa niko Kisumu siwezi kuwapita akina mama wa sokoni Kibuye wanaouza odowa, yale mawe laini ya udongo. Nimewahi kuyala, na najua hamu yake haielezeki. Wapo wanaosema kwamba ni kalsiamu ya bure. Udongo huo unaweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na unaweza kubeba risasi, ambayo nayo huhusishwa na presha. Tamaa hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo inafaa itajwe kliniki bila aibu.

Chumvi nayo ina habari yake. Mara tu presha inapotajwa, watu wa nyumbani humpikia mjamzito mboga chapwa kabisa. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani hayaungi mkono kunyima chumvi kwa lengo la kuzuia prieklampsia; kiasi cha wastani kinatosha. Ninachokiogopa zaidi ni magadi tunayotia kwenye mrenda na maharagwe ili yaive upesi, kwa maana ni sodiamu ambayo hakuna anayeihesabu kama chumvi.

Niliposhika mimba ya pili, mwaka 2023, nilienda kliniki kabla ya wiki ya 10 nikiwa na kitabu cha mimba ya kwanza mkononi, na nikaweka makopo yangu yote mezani mbele ya daktari. Alinicheka kidogo, kisha akayasoma moja baada ya jingine kwa subira ambayo sikuitarajia. Akaniandikia kalsiamu, na juu yake aspirini ya miligramu 75 kila usiku kuanzia wiki ya 13. Aspirini si kirutubisho, lakini naitaja kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote kwa mtu aliyewahi kuupata ugonjwa huu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake walio katika hatari kubwa waliomeza miligramu 150 kuanzia kati ya wiki ya 11 na ya 14 walipata prieklampsia ya kujifungua kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3 ya waliomeza tembe tupu. Haifai kuanzwa na mtu mwenyewe dukani, na ikichelewa sana faida yake hupungua. Ndiyo maana kwenda kliniki mapema kuna thamani kuliko kopo lolote.

Presha yangu ilipanda tena, ila safari hii ilikuwa wiki ya 37, kwa 142/90, bila protini, na nikajifungua mvulana wa kilo 3.1. Watu huniuliza kama ni kalsiamu iliyonisaidia, au aspirini, au omena wa mama mkwe. Sijui, na hakuna mtu anayeweza kujua kutokana na mimba moja ya mwanamke mmoja. Hata bila chochote, mimba ya pili mara nyingi huwa nyepesi kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo shida ya ushuhuda wa wauzaji. Kila mmoja ana mteja aliyepona, na hakuna anayewahesabu walioenda hospitalini usiku.

Makopo mengi tunayouziwa hutengenezwa nje, na yale ya Marekani yanauzwa chini ya sheria ya mwaka 1994 ambayo haimtaki mtengenezaji athibitishe kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Sheria hiyo hiyo inamtaka, akidai kwamba kinausaidia mwili, aandike kwamba bidhaa yake haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Nilimwomba binamu yangu aligeuze kopo lake na kunipigia picha ya nyuma, na maneno hayo yalikuwapo, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani: maandishi ya nyuma yalikuwa yakikanusha kila kitu ambacho jirani alikuwa amesema mbele ya kopo. Orodha ya viungo ilikuwa na urukususu.

Nilimwambia aendelee na tembe zake bila kuruka hata moja, alipeleke kopo kliniki jinsi lilivyo, na aulize kuhusu kalsiamu. Nilimwambia pia kwamba 160/110 ni ya kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo, na kwamba maumivu makali ya kichwa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla havingojei siku ya miadi, hata kama mtoto ameshazaliwa, kwa maana kifafa hiki huweza kumpata mama katika siku na wiki za baada ya kujifungua.

Jana jioni alinitumia picha nyingine. Ilikuwa ya ukurasa wa kitabu cha kliniki wenye 136/86, na kando yake tembe tatu kubwa nyeupe juu ya kitambaa cha meza. Alitaka kujua kama anaweza kuzimeza na chai. Nilimjibu kwamba chai ya maziwa haina neno kwa kalsiamu, lakini kidonge cha damu akiweke mbali nayo mpaka wakati wa kulala.